Mnajimu Asiyetazama Juu

Kwetu Shenini, nyasi inayotambaa chini kwa chini na kuibuka mahali usipoitaka tunaiita najimu. Ni neno lilelile la nyota. Nani aliyevipa vitu viwili jina moja sijui, na wasomi wasinisumbue na vitabu vyao. Mimi nadhani alikuwa mtu aliyelala chali bustanini, akatazama juu, akatazama ubavuni, akaona kote kumejaa na hakuna wa kuzimaliza. Mama mkwe wangu, Saluha, aling'oa najimu tangu ujana wake, ndiyo maana mji mzima ulimwita Mnajimu. Wanaume wa mkahawani walimchokoza kila alipopita na tita la nyasi mgongoni.

"Mnajimu! Nyota yangu inasemaje leo?"

"Inasema uoge," alijibu bila kusimama. "Na umrudishie mama yako sufuria yake."

Wenzake walicheka mpaka karata zikawatoka mikononi, naye alishapita, mgongo umeinama, macho chini. Sikumwona hata siku moja akitazama mbingu. Kila alichokitaka kilikuwa kinaota ardhini.

Desturi yetu ni hii: alichokipanda mwenye bustani ni chake, kilichojiotea ni cha mwanamke atakayekuja na mundu. Huombi, hulipi. Unasimama langoni unasema, "Nimekuja kwa nyasi," na unaingia. Kwa mjane kama Saluha, lango la namna hiyo si jambo dogo. Akiingia mikono mitupu kwenye bustani ya mwanaume aliyefiwa na mke, kabla ya adhuhuri watu watakuwa wamemtafuna na kumtema. Akiwa na mundu na gunia, hakuna anayemuuliza kitu. Na bustani ambayo Saluha aliingia kila asubuhi, mvua au jua, ilikuwa ya Baba Nuri.

Baba Nuri, jina lake Mnawari, alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Mkewe Mahbuba alifariki miaka kadhaa kabla sijaolewa. Bustani yake ilikuwa nzuri hata kwa macho ya huku kwetu, ambako kila mtu ana bustani na kila mtu anaidharau ya mwenzake. Mitende juu, chini yake mikomamanga, na chini kabisa majaruba ya hina, mfereji ukipita katikati kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini. Hina hiyo najimu iliikalia kooni. Ilipanda juu ya matuta, ikajisokota kwenye mashina, ikafunga udongo mpaka maji yakawa yanapita juu bila kuzama.

Mimi nimetoka milimani, ambako bustani ni mzeituni mmoja na shimo lake. Nilipoletwa hapa bi arusi, nilitaka mama mkwe anione mchapakazi. Siku ya kwanza aliyonichukua kwenda kwa nyasi nilishika jembe la mkono, nikachimba kwa nguvu, nikavuta mzizi mweupe wenye vifundo kama vidole vya mzee, mrefu kuliko mkono wangu. Nikauinua juu nikisubiri sifa. Nilipigwa kofi la mkononi.

"Weka chini! Huyo ni mama yao. Mwache alale."

"Lakini, mama, ndiye anayerudisha nyasi."

"Na asiporudisha, ng'ombe atakula nini? Sura yako?"

Basi nikajifunza. Saluha alikata juu, akasafisha kuzunguka shina la mhina, akafanya pakapendeza machoni, na chini aliacha mambo kama yalivyo. Kesho yake ilichomoza, kesho kutwa ilikuwa ya kukatika. Nilidhani ni ujanja wa ng'ombe tu. Nilikuwa mtoto bado, sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na ng'ombe mmoja na sababu mbili.

Hawakuwahi kukaa pamoja, ninaapa. Saluha alikuwa jarubani ameinama, Baba Nuri juu ya ukingo wa mfereji akishona kikapu au akinoa mundu, na walipozungumza kila mmoja aliangalia kazi yake.

"Mama Shadhli, hivi nyasi hii haiishi?"

"Itaisha vipi, Baba Nuri, na wewe unainywesha maji?"

"Nanywesha hina, mimi."

"Basi iambie hina isigawe."

Mzee akapitisha ukindu mmoja kikapuni. Maji yakapita. Kisha akasema, "Nitaiambia," kama mtu aliyeagizwa jambo la maana kweli. Baadaye bilauri ya chai iliwekwa juu ya jiwe lililo katikati, akaondoka aliyeiweka, akaja aliyeinywa. Shadhli ni mume wangu, mwoka mikate, mtu wa kulala mchana kutwa. Nilipomsimulia mambo haya alinigeuzia mgongo akasema mama yake anakwenda kwa nyasi na mimi nina kichwa cha moto, naona yasiyokuwepo.

Kichwa nilikuwa nacho kweli mwaka ule, maana nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Ilinishika kwa usingizi. Nililala nimekaa, nililala nakanda unga, nililala huku najibu salamu. Saluha aliacha kunipa kazi. Alinitandikia gunia chini ya mkomamanga, nami nikashinda hapo nusu niko, nusu siko, mwanga ukipenya makutini na kunitembea tumboni. Nilisikia maneno ya watu yakinifikia baada ya midomo yao kufunga. Mara nyingine nilihisi bustani yote imeingia majini na sisi tunapumua humo bila shida. Sijawahi kuwa na furaha ya bure kama ile, na sijui kama nitaipata tena.

Ndipo nilipoona nililoliona. Ilikuwa saa ya jua la utosi, saa ambayo kwetu hata mbwa haamki. Saluha alikuwa amekwenda nyumbani na tita lake, mimi amenisahau au amenihurumia. Nilifungua jicho moja. Baba Nuri alikuwa amepiga magoti kwenye jaruba la mwisho, lile la ukutani, kilemba amekivua. Alikuwa anachomeka kitu ardhini, anakibana kwa kidole gumba, anachota maji kwa kiganja na kukinywesha, anasogea mbele kidogo, anachomeka kingine. Polepole, kwa upole wa mtu anayemfunika mtoto shuka. Na kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa cheupe, chenye vifundo.

Nikafumba jicho. Nilijiambia, Duja, sasa unaota mpaka watu wanapanda najimu. Nilipoamka hakuwepo, na mimi sikusema neno, kwani nani angeniamini? Mwezi ule niliota pia kwamba ng'ombe wetu anasoma.

Kiangazi kilipokaza, alikuja Nuri, mtoto wa mzee, kutoka mji wa Sfaksi anakofanya kazi. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Aliingia bustanini akiwa na bomba la mgongoni la kupulizia dawa, akalitua, akasimama kwenye majaruba ya hina, na uso ukamwanguka.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni najimu, mwanangu."

"Naona ni najimu! Hina iko wapi?" Akachuchumaa, akafunua nyasi kwa mikono miwili, akatoa shina moja la mhina, kavu, majani machache ya manjano. "Mama alipanda hii akiwa na mimi tumboni. Kila mwaka alinihesabia umri wangu kwa mashina yake. Umeiacha inanyongwa, baba. Mtu aliyekufunza wewe kilimo angekuona leo angekulaani."

Baba Nuri alikuwa anatazama mikono yake. Saluha alikuwa kule pembeni na mundu, ameganda.

"Mama Saluha, sikulaumu wewe," Nuri alisema alipomwona, sauti ikashuka. "Wewe unasaidia siku zote. Lakini mundu hauwezi. Hapa panataka dawa."

"Dawa itaua na mnanaa," Saluha alisema. "Na ng'ombe wangu. Na hina yenyewe hiyo inakwenda mikononi mwa mabibi arusi."

"Basi niambieni nifanye nini! Joto likivunjika nitarudi. Nikiikuta, napuliza, liwalo na liwe." Akaliacha bomba pale, limeegemea mtende, manjano, baya, akaenda zake.

Jioni ile Saluha hakula. Nilimkorogea bsisa, unga wa nafaka za kukaanga, kwa mafuta ya zeituni jinsi anavyoipenda, akaisukuma. Nilikaa karibu naye kwenye mkeka. Kulikuwa bado na mwanga mwekundu ukutani.

"Mahbuba ndiye aliyenipaka hina siku ya tohara ya Shadhli," alisema. "Hina hiyohiyo. Alinishika vidole kimoja kimoja. Alikuwa mtu mzuri, Duja, na mimi nimekuwa nikifuga nyasi juu ya koo la hina yake. Nimeona haya leo, nilitaka mfereji unichukue."

"Ulikuwa unatafuta chakula cha ng'ombe."

"Usinidanganye, na mimi sikudanganyi." Alikunja ncha ya mkeka. "Najimu iko kila bustani Shenini. Kwa nini nende ile tu?"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hata nusu ya hilo. Nikamwambia, "Mama, tukiing'oa yote, mpaka mama yao, utaingia kwa lipi tena pale?"

"Nani kasema nataka kuingia?" alifoka. Lakini aligeuza uso ukutani, na alikaa hivyo mpaka mwanga ukaisha.

Kesho yake alikwenda na jembe. "Baba Nuri," alisema langoni, "funga maji. Mpe jirani zamu yako." Yeye akafunga. Hakuuliza. Nadhani na yeye hakulala usiku ule.

Kuna njia moja tu ya kuiondoa najimu bila dawa, na kila mtu huku anaijua na hakuna anayeipenda: unaikatia maji kiangazi, unachimba mpaka udongo ubadilike rangi, unauchambua kwa vidole, na kila mzizi unauanika juani mpaka uvunjike kama tambi. Kipande cha urefu wa ukucha ukikisahau, umefanya kazi bure. Saluha alichimba. Mzee alichimba kutoka upande wa pili. Mimi na tumbo langu nilikusanya mizizi na kuitandaza njiani. Hawakutaniana tena. Kulikuwa na sauti ya majembe tu, na mfereji mkavu uliokuwa umeacha kuongea, na joto lililosimama katikati ya mitende bila kusogea. Kila jaruba lililokuwa safi lilikuwa zuri, na nilichukia kuliona. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kilichobaki, na wao pia, naona.

Tulifika jaruba la ukutani. Saluha alipiga magoti, akafunua nyasi, akaacha kusogea.

"Duja. Njoo."

Nilikwenda. Chini ya nyasi kulikuwa na vipande vya mizizi ya najimu vimesimama wima, kila kimoja kimeachana na mwenzake kwa upana wa kiganja, kila kimoja na kijishimo chake cha maji kilichokauka. Mstari ulikuwa umenyooka kana kwamba umepigwa uzi. Na nyuma yake mstari mwingine. Na mwingine.

Saluha alipitisha kidole juu ya mstari. "Tangu lini," alisema polepole, "gugu likapanga foleni?"

Masikini Baba Nuri! Alipanda maisha yake yote: vitunguu, hina, lusini ya ng'ombe, miche ya mitende. Mikono yake haikujua kuchomeka kitu ardhini ovyo ovyo. Hata alipokuwa anadanganya, alidanganya kwa mstari. Alikuwa amesimama kando ya mkomamanga, jembe mkononi, masikio yamekuwa mekundu.

"Baba Nuri," Saluha alimwita. "Hivi ni vitunguu?"

"Hapana."

"Ni nini, basi?"

Akatazama mitende. Akatazama ukuta. "Jua ni kali leo, Mama Shadhli," alisema.

Nilicheka mpaka tumbo likanibana, halafu nikajikuta nalia, na mpaka leo sijui nililia kwa sababu ya mimba au kwa sababu yao. Saluha hakucheka. Aliushika mstari wa kwanza, akaanza kuung'oa, kimoja kimoja, kwa vidole, wala si kwa jembe. Sikuwahi kumwona akifanya kazi polepole namna ile. Mzee hakumzuia, wala hakumsaidia. Alisimama akitazama kila kipande kikitoka. Cha mwisho Saluha alikishika kiganjani muda, akakipangusa udongo, akanyanyuka akaenda kukiweka juani na vingine.

Hina ilirudi. Maji yalipofunguliwa ilichomoza kutoka chini, majani ya kijani yenye kung'aa, harufu yake ikajaa hadi barabarani. Nuri alikuja joto lilipovunjika, akatembea katikati ya majaruba, kisha akambusu Saluha kichwani na kulichukua bomba lake. "Mungu akuweke, Mama Saluha. Umemfufua mama yangu." Saluha alitabasamu kwa mdomo tu.

Baada ya hapo alikwenda mara moja tu. Nilikuwa naye. Alisimama langoni na mundu na gunia, kama kawaida, akasema, "Nimekuja kwa nyasi."

Baba Nuri alikuwa ndani, karibu. Macho yake yalizunguka majaruba yote, safi, udongo mtupu kati ya mihina, hata unyasi mmoja hakuna. "Hakuna nyasi, Mama Shadhli," alisema.

Wote wawili walisema kweli. Kweli chungu namna ile sijawahi kuisikia. Tulirudi nyumbani, gunia tupu begani.

Kuanzia siku ile hakuingia bustani ya mtu; alikata nyasi za kando ya reli, zenye vumbi na moshi. Ng'ombe alizila kwa kununa. Saluha naye alinyauka. Vijana wa mkahawani walimwuliza habari za nyota zao, akapita bila kujibu, na baada ya muda wakaacha kumwuliza. Nilijifungua mtoto wa kike makomamanga yalipopasuka. Alimbeba, akamwimbia, lakini mara nyingi nilimkuta amekaa na mtoto mlangoni, akili haipo, mkono wake mmoja ukichezacheza hewani, unakata nyasi ambazo hazikuwepo. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na yule mzee, na desturi zetu ambazo zinamjua ng'ombe mwenye njaa na hazimjui mtu. Nilimwambia Shadhli hivyo. Safari hii hakunigeuzia mgongo; alikaa akijipangusa unga mikononi.

Kisha asubuhi moja nilisikia kelele za wanaume kutoka mkahawani, zikija kuelekea kwetu.

"Baba Nuri! Umekuwa ng'ombe lini?"

"Mbebeeni, jamani, atavunjika!"

"Mwacheni, anakwenda kuposwa!"

Nilifungua mlango nikiwa na mtoto begani. Alikuwa Baba Nuri, katikati ya barabara, mchana kweupe, na tita la najimu mgongoni, kubwa, limefungwa kwa kamba kifuani kama wanavyofunga wanawake. Huku kwetu mwanaume hufa kabla ya kuonekana hivyo. Jasho lilikuwa linamtiririka. Baadaye nilisikia alianza alfajiri, akapita bustani baada ya bustani ya majirani zake, akisimama kila lango na kusema, "Nimekuja kwa nyasi," na kila mmoja alidhani mzee amerukwa na akili.

"Mama Shadhli yupo?" aliniuliza.

Alikuwa nyuma yangu tayari, anajifunika ushungi. Mzee alilitua tita kizingitini. Udongo ulimwagika. Saluha aliinama akaligusa, akavuta unyasi mmoja, ukaja na mzizi wake wote, mweupe, na vifundo.

"Umeng'oa na mama yao," alisema. Akamnyooshea mzizi. "Maisha yote unalima, hujui kukata nyasi? Haitaota tena hii. Siku nyingine utaleta nini?"

"Nitatafuta kwa wengine."

"Na kwa wengine ikiisha?"

Wanaume walikuwa wamenyamaza nyuma yake, wamesimama na karata zao mikononi. Baba Nuri aliwasikia wakinyamaza, nilimwona. Hakugeuka.

"Ikiisha yote, Mama Shadhli," alisema, "nitakuja mikono mitupu."

Saluha alimtazama, moja kwa moja usoni, mbele za watu wote. Kisha akalishika tita kwa kamba yake, akakataa nimsaidie, akaliburuta mpaka uani. Nyasi ile ingemtosha ng'ombe juma zima kwa mtu mwenye kupima. Akaikata kamba kwa mundu, akamwagia ng'ombe yote, mara moja, mpaka unyasi wa mwisho.